Waya wa Nyuzi Saba

Katika wiki ya tatu ya eda yangu, binti yangu Ruzuna alikuwa akipekua kasha la marehemu baba yake akitafuta hati ya shamba. Alinijia chumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne, rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa, mikunjo imekatika na kuungwa kwa utepe. "Mama, hii nayo ya nini? Naona picha ya bomba na nyaya." Niliitambua kabla sijaishika. Ilikuwa karatasi ya maelezo ya sanduku la maji moto lililotundikwa msalani kwetu Wete kabla Ruzuna hajazaliwa, sanduku ambalo lenyewe lilikwisha kuliwa na kutu na kutupwa zamani. Hamad hakuwa mtu wa kuweka makaratasi. Barua za ndugu zake alizisoma mara moja, kisha akazitia jikoni kuwashia moto. Lakini hii aliiweka pamoja na hati ya ndoa yetu. Nilimwambia Ruzuna kuwa ni ya chombo cha bibi yake, akaridhika, akarudi kwenye kasha. Mimi nilibaki nayo mapajani mpaka ikaadhiniwa alasiri. Tangu siku ya maziko watu walikuwa wakinisifu kwa subira. Subira ile ilinitoka hapo, juu ya karatasi ya Kizungu yenye picha ya bomba.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimekaa miezi minne tu katika nyumba ile. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, na umeme ulikuwa bado mgeni mjini. Nyumba ilikuwa na ukumbi mrefu wenye ubaridi, vyumba viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili, halafu ua, na pembeni mwa ua jiko na msala. Nyaya za taa zilipita juu ya ukuta zikiwa zimebanwa kwenye vipande vya mbao, na taa zilikuwa tano nyumba nzima. Mwenye nyumba hasa alikuwa Bi Mize, mama yake Hamad, ijapokuwa Hamad ndiye aliyekuwa na duka la nguo na ndiye aliyeitwa mwenye nyumba na watu wa nje. Bi Mize alikuwa mrefu, mkimya, na magoti yake yalikuwa yameshikwa na baridi yabisi kiasi kwamba kuinuka kutoka kwenye mkeka ilikuwa kazi ya kushika ukuta na kumtaja Mungu. Kuinama hakuweza kabisa. Nikimpashia maji jikoni na kumwekea ndoo msalani, hakuweza kuifikia kwa kata. Nikimwambia nimmwagie, alinitazama kama niliyesema upuuzi. "Mkwe hamwoni mkwe mwili wake," alinijibu mara ya kwanza, na mara ya pili hakujibu. Mtoto wa kike hakujaaliwa. Basi alioga maji ya baridi ya bomba akiwa amesimama, na baadaye nilimsikia chumbani kwake akiyakanda magoti na kuguna, na mlango wake ameufunga.

Sanduku lilikuja mwezi wa Shaaban. Alilileta mtu aliyetoka Mombasa, zawadi ya Khatib, mtoto mkubwa wa Bi Mize, aliyekuwa akifanya kazi melini na kuonekana Pemba mara moja kwa mwaka. Lilikuwa jeupe, ukubwa wake kama debe la mafuta ya taa lililokatwa nusu, na chini yake lina kichwa chenye matundu madogo kama chujio. Unalitundika ukutani juu ya kichwa, maji yanaingia baridi upande mmoja na kutoka kwa chini yakiwa ya moto. Majirani walikuja kulitazama likiwa juu ya mkeka ukumbini. Bi Mize hakusema mengi. Aliuliza jambo moja tu: "Mtu anaoga kwa kusimama?" Hamad akamwambia ndiyo, kwa kusimama. Bi Mize akasema, "Khatib kanikumbuka," na nilimwona Hamad akitazama chini. Yeye ndiye aliyekuwa hapo kila siku, ndiye aliyemnunulia mama yake dawa na kumpeleka kwa waganga. Zawadi ya ndugu yake ilimfurahisha na kumchoma kwa pamoja, na nadhani hapo ndipo haraka yake ilipoanzia. Khatib alikuwa amesema atakuja Idd. Hamad alitaka akija akute chombo kimefungwa na mama yao anakitumia.

Aliyeitwa kukifunga alikuwa Fundi Faki, ndiye aliyetia taa zetu, mtu mcheshi mwenye mikono myepesi. Walikipandisha ukutani, wakainua pipa la maji juu ya paa la msala, kisha Faki akachukua waya kutoka kwenye taa ya ua akauleta mpaka kwenye sanduku. Mimi nilikuwa jikoni na mchuzi wa papa mkavu, nikiwasikia. Wakawasha. Ikasikika kama mtu aliyevunja kijiti, na taa zote zikazimika. Faki akatengeneza fyuzi, wakawasha tena, ikakatika tena.

"Labda kibovu," Hamad alisema.

"Kipya hichi, yakhe. Karatasi yake inasemaje?"

Hakuna aliyeisoma. Nilijua kwa nini. Faki hakujua Kiingereza, na Hamad alikuwa amesoma Kurani mpaka akahitimu na skuli miaka minne tu, kisha akatolewa kwenda kukaa dukani. Kiingereza chake kilikuwa cha maandishi ya juu ya majora ya nguo. Mimi nilimaliza darasa la nane. Nilijifunika kanga vizuri, nikatoka, nikaiomba karatasi ile nikaisoma. Niliisoma kwa sauti ya skuli, nimesimama wima kama niliyeitwa mbele ya darasa, kwanza Kiingereza kisha Kiswahili: kwamba waya wa nyuzi tatu ni wa taa, kwamba chombo hiki kinataka waya wa nyuzi saba, wenye njia yake peke yake tokea kwenye mita, na kwamba lazima uwepo waya mwengine wa kwenda ardhini. Ningeishia hapo ingekuwa kheri. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu niolewe hakuna aliyeniuliza ninachokijua. Nikamgeukia Faki nikasema, "Ndiyo maana fyuzi inakatika. Kwani ufundi mmejifunza wapi, nyie?"

Faki alicheka. Hamad hakucheka. "Rudi jikoni, Zuwena," alisema taratibu. "Mchuzi utaungua."

Mchuzi haukuungua. Nimeufikiria sana mchuzi ule, zaidi ya miaka hamsini. Kwa muda mrefu nilipoikumbuka siku ile nilijiona mimi ndiye niliyedhulumiwa, msomi aliyerudishwa jikoni. Baadaye, nilipokuwa na watoto wa kiume na wake zao, nilianza kumwona na Hamad pia: kijana wa miaka ishirini na sita, ndani ya ua wake, mbele ya fundi, mkewe anasoma asichoweza kukisoma yeye, na anasoma kwa kiburi. Nilichosema kilikuwa kweli. Namna nilivyokisema ndiyo iliyotugharimu mwezi mzima na zaidi.

Aliyekata shauri siku ile alikuwa Bi Mize. Alikuwa amekaa kibarazani mwa ua akisokota kamba za makumbi, kazi aliyoifanya kila siku kwa sababu mikono yake ilikuwa bado mizima. Alimwambia Faki amletee kipande cha waya. Akakichuna mpira kwa kisu cha jikoni, akazitawanya nyuzi za shaba juu ya kidole.

"Tatu," alisema. "Na hicho kisanduku kinakula kiasi gani?"

Nilimtazama Hamad kwanza. Hakunitazama. "Karatasi inasema kama taa kubwa thelathini zikiwashwa pamoja, mama," nilijibu, mara hii kwa sauti ndogo.

"Nyumba nzima tuna tano." Aliutupa waya ule kando na kuichukua kamba yake. "Nyuzi tatu nafungia kuku. Ng'ombe simfungi. Msubirini waya wake."

Waya wa nyuzi saba haukuwepo madukani Wete wala Chake. Hamad alimwandikia Khatib aje nao, akaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, ubao wa kuandikia ameuweka juu ya goti, mgongo amenipa. Wiki zikapita. Tukaja kusikia kuwa Khatib alikuwa baharini na barua haikumkuta. Sanduku likabaki ukutani msalani limefunikwa kanga kuukuu lisiingie vumbi, na Bi Mize akaendelea na maji ya bomba. Ndani ya nyumba palikuwa na adabu tupu. Hamad alikula nilichompikia, mihogo ya nazi, mkate wa kumimina, pweza wa kukaanga, akasema alhamdulillahi, akainuka. Hakuninyima chochote wala hakunitolea neno baya. Hakunisemesha tu, ila kwa haja.

Ramadhani ilipoingia, watu walikaa barazani kwetu baada ya alasiri kungojea magharibi, na dirisha la chumba changu lilikuwa hapo hapo juu ya vichwa vyao. Siku moja nilimsikia mmoja akimuuliza Hamad maji moto yamefikia wapi. Mwengine akadakia, "Mngoje fundi mwenyewe aamue. Si mkewe ndiye fundi siku hizi?" Walicheka, na Hamad akacheka nao. Nilikijua kicheko chake. Kile hakikuwa chake. Nilibaki nimeshika pazia, nikijua kuwa maneno yale yatatufikia ndani.

Yalitufikia katika kumi la mwisho. Bi Mize alikwenda Shumba kwenye msiba wa binamu yake, akakaa huko siku tano. Siku ya tatu Faki alikuja na ngazi. Nikiwa chumbani nilisikia misumari ikiingia ukutani, na nikajua hakuna waya mpya ulioingia nyumbani, kwa sababu hakuna mzigo wowote uliofika. Walipomaliza nilimsikia Faki akisema, "Sasa haikatiki. Nimeitilia fyuzi waya mnene." Waliwasha kidogo, maji yakatoka ya uvuguvugu, wakazima, wakapongezana. Nilitaka kutoka. Nilikumbuka mara ya kwanza nilivyotoka, nikakaa. Nilijiambia kuwa nimekwishasema, kwamba asiyesikia la mtu mwengine ni shauri yake. Ni maneno mepesi kujiambia. Nilijiambia siku mbili, na zote mbili sikuwa na ladha ya futari mdomoni.

Bi Mize alirudi alasiri, amechoka kwa safari, miguu imevimba. Aliingia chumbani kwake kuvua buibui. Hamad alikuwa amekwisha kulijaza pipa na kulifuta vumbi sanduku, uso wake una furaha ya mtoto. Tangu Shaaban sikuwa nimemwona hivyo. "Mwambie mama maji yake tayari," aliniambia.

Nilikuwa nimeshika taulo la Bi Mize. Nilisimama mlangoni mwa msala.

"Bwana," nilisema, "ntaoga mie mwanzo."

"Maji ya mama hayo."

"Najua. Ntaoga mie mwanzo, kisha yeye."

"Zuwena, unataka kunitia aibu tena?"

"Leo hapana mtu. Tuko sisi wawili. Kama ni salama kwake, basi na kwangu salama. Kama si salama, mama yako ni mmoja."

Sikulisema kwa ushujaa. Nilipita, nikaingia msalani, nikanyoosha mkono kwenye kifungulio cha maji. "Ngoja," Hamad alisema nyuma yangu. Alinishika mkono, akanitoa nje ya kizingiti. Akafungua maji mwenyewe kwa kijiti akiwa mlangoni, akawasha swichi iliyokuwa nje ukutani, kisha akauweka mkono wake juu ya waya pale ulipopita kwenye mbao, kama mtu anayempima mgonjwa homa. Tulisimama. Maji yalichuruzika sakafuni, yakaanza kutoa mvuke kidogo. Baada ya muda nilimwona akiuondoa mkono, akaurudisha, akaufuata waya polepole mpaka kwenye swichi. Hapo na mimi nikaisikia harufu: mpira unaoungua, kama kiatu kilichoachwa karibu na jiko. Aliruka akazima kwenye mita. Fyuzi haikuwa imekatika. Nilipoutia mkono wangu kwenye waya ulikuwa wa moto kama ubavu wa buli la chai, na mpira wake umelainika ukibonyea chini ya kidole.

Hamad aliigeuza ndoo akaikalia. "Mama angekuwa ndani," alisema, na hakumaliza.

Nilimtazama, na maneno niliyokuwa nimeyaweka tayari tangu siku ya mchuzi yalikuwepo yote. Nikayaacha. Nilimpa taulo afute jasho.

Alikwenda mwenyewe kumwambia mama yake. Sikusikia alichosema, ila nilimsikia Bi Mize akimjibu, "Basi nipashieni ya jikoni, nna vumbi la safari." Nilipasha maji, nikaipeleka ndoo msalani, na nilipotaka kutoka aliniita. Alikuwa amesimama ameshika ukuta, amejifunga kanga. "Mwaga," alisema. "Kwa mgongoni. Na uso utazame kule." Nilimmwagia kata kwa kata huku nikitazama ukuta na waya ulioungua, mpaka ndoo ikaisha.

Asubuhi Hamad alikunja karatasi akaitia mfukoni, akaenda kwenye mtambo wa umeme wa mji kumtafuta Bwana Kombo, mzee aliyekuwa akiutazama mtambo ule. Walirudi pamoja, na Faki nyuma yao ameinamisha kichwa. Bwana Kombo aliifungua fyuzi, akauchomoa waya mnene, akauinua watu wote wauone. "Fyuzi ikikatika inakusemesha," alimwambia Faki. "Weye umeiziba mdomo." Kisha akaniuliza mimi, kupitia kwa Hamad kama ilivyokuwa adabu, karatasi inataka waya wa ardhini uwe wa namna gani. Hamad akanigeukia na karatasi mkononi. "Msomee," alisema. Nikasoma. Safari hii nilisoma polepole, nimekaa kwenye kibao cha mbuzi nilichokuwa nikikunia nazi, na Hamad ameinama karibu akifuata kidole changu mstari kwa mstari.

Bwana Kombo alikuwa na waya wa nyuzi saba uliobaki kazini kwake, akaomba ruhusa akautoa. Siku mbili walifanya kazi, yeye na Faki, na Hamad akafunga duka akashika ngazi. Waya mpya ulipita njia yake peke yake kutoka kwenye mita, una fyuzi yake na swichi yake nje ya msala. Mwengine ukateremka ukutani mpaka kwenye chuma walichokipigilia ardhini kando ya migomba, pale maji ya msala yanapomwagikia na udongo haukauki. Bwana Kombo aliwasha, akatuambia tushike waya, sote tukashika. Ulikuwa baridi. Baada ya muda mrefu ulikuwa bado baridi. Faki, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mtu wa kusema ndiyo kabla ya kuuliza, aliushika muda mrefu kuliko sisi sote, na miaka iliyofuata hakuna fundi aliyechuna waya kuhesabu nyuzi kama yeye.

Bi Mize aliingia msalani siku ya mwisho ya Ramadhani, adhuhuri. Nilikaa nje ya mlango iwapo ataniita. Maji hayakuwa na nguvu, yalimwagika kama mvua ya rasharasha, lakini hayakukatika. Alikaa humo mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi, kisha nikamsikia akihema pumzi ndefu, na nikatulia. Alipotoka, ngozi yake ikinukia liwa, alisimama uani bila kushika ukuta. "Sikuinama," aliniambia. "Hata mara moja."

Khatib alifika siku ya Idd mosi, mnene, mwenye sauti ya kujaza nyumba, na zawadi kwenye kila mfuko. Baada ya kuswali wanaume walikaa ukumbini, yeye na Hamad na jamaa watatu wa barazani, wale wale, na mimi nilikuwa jikoni nikipakua biriani. Nilikuja na sinia mpaka nyuma ya pazia la ukumbi, nikasimama kungojea wapishe. Khatib alikuwa ametoka kulikagua sanduku lake. "Kazi safi," alikuwa akisema. "Nimeona nyumba Mombasa zimeungua kwa vyombo hivi, watu wanafungia waya wa taa. Nani kakuchagulia waya?"

Angeweza kusema Bwana Kombo, na lingekuwa kweli nusu. Angeweza kusema yeye mwenyewe, na pale hakuna ambaye angembishia.

"Mke wangu," Hamad alisema. "Mimi nilifunga wa taa. Nilitaka uje ukute tayari, na nilikuwa nishasema mama aingie. Yeye ndiye aliyenizuia."

Hakuna aliyecheka. Nilimsikia mmoja akikohoa, na Khatib akisema, "Allah akuhifadhieni," kwa sauti ndogo isiyokuwa yake. Sinia lilikuwa zito, vijiko vikagongana. Hamad akavisikia. Aliinuka akaja akalipokea mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wageni, na badala ya kurudi moja kwa moja alisimama hapo kwenye pazia, sinia mikononi, akaniuliza kama mimi nimekwisha kula.

Nilikuwa sijala.

"Kuna nafasi chumbani kwa mama," alisema. "Nenda mkale naye. Nakuja na mimi."